Aliyekufundisha Asikupime

Ndugu wakufunzi, wamiliki wa vyuo vya udereva, na ninyi wakaguzi wa magari mliokuja kutusikiliza, habari za asubuhi.

Hoja iliyo mbele yetu ni fupi: mkufunzi wa udereva aruhusiwe kumtahini dereva mpya barabarani, au kazi hiyo ibaki kwa serikali peke yake? Anayeisikia kwa mara ya kwanza husema hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Hajakosea sana. Sisi tunaunga mkono hoja, ila kwa sharti moja ambalo bila hilo tungeipinga mchana kweupe: aliyekufundisha asikupime. Mengine yote tutakayoyasema asubuhi hii yanatokana na sharti hilo, na namna watu wanavyolikwepa.

Kwetu Tanzania Bara mtihani wa barabarani uko mikononi mwa Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, na leseni yenyewe hutolewa na TRA. Kenya ni kazi ya NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Kote huko mkufunzi anaishia getini. Anamfikisha mwanafunzi wake, anakaa kwenye benchi, anasubiri jibu.

Tuanze na foleni, maana hoja hii ilizaliwa kwenye foleni. Mtihani wa daraja B, yaani wa gari dogo, unaostahili kuitwa mtihani unahitaji karibu nusu saa ya gari kutembea. Umoja wa Ulaya umeweka dakika 25 za kuendesha kuwa kiwango cha chini. Uingereza mtihani huchukua kama dakika 40. Ujerumani, tangu 2021, mtahiniwa anatengewa dakika 55, na 30 kati ya hizo ni za kuendesha tu. Ongeza kuhakiki kitambulisho, kupima macho, kukagua matairi na taa, na maelezo ya mwisho, mtahini mmoja anamaliza watu 7 kwa siku, 35 kwa wiki. Sasa chukulia kituo chenye mtahini mmoja kinachopokea watu 60 kwa wiki. Kila Ijumaa wanabaki 25. Baada ya wiki 10 wako 250 wanaosubiri, na hata ukifunga mlango asiingie mpya, utahitaji wiki 7 na ushee kuwamaliza.

Foleni ikifika hapo hakuna anayeandika waraka wa kufupisha mtihani. Mtihani hujifupisha wenyewe. Kwanza huondoka zoezi la kuanzia mlimani, yaani kuondoa gari kwenye mwinuko, kwa sababu mlima uko mbali na kituo. Kisha kuegesha kinyumenyume kati ya magari mawili. Kisha barabara kuu. Mwisho unabaki kuzunguka uwanja, kusimama kwenye mstari, na kushuka. Dereva huyo siku ya kwanza ya kubadili njia kwa spidi ya 50 ndipo anapojifunza, na anayemfundisha ni lori.

Wakufunzi ndio kundi pekee linaloweza kuongeza watahini haraka. Wana magari yenye pedali za ziada upande wa mkufunzi, wamezoea kukaa kushoto kwa mtu asiyejua kuendesha bila kupoteza akili, na makosa ya mwanafunzi wanayaona kabla hayajatokea. Lakini hapo hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu kufundisha na kupima ni fani mbili, na ya kwanza inaiharibu ya pili. Tuingie ndani ya gari tuone.

Gari limesimama kwenye mwinuko. Mtahiniwa anaweka gia ya kwanza, anaachia klachi haraka kidogo, boneti inatikisika, injini inataka kuzima. Mkufunzi aliyekaa miaka kumi kwenye kiti cha kushoto ana mguu unaofikiri wenyewe. Unashuka kwenye klachi ya ziada, robo tu ya pedali. Injini inapumua, gari linaondoka bila kurudi nyuma hata sentimita. Kwenye karatasi inaandikwa: kuanzia mlimani, safi. Hakuna aliyepokea senti, na muulize huyo mkufunzi, ataapa hakugusa kitu. Anaamini anachosema.

Macho nayo. Kabla ya kupinda kushoto, mkufunzi anatupa jicho kwenye kioo cha kwake, shingo inageuka kidogo. Mwanafunzi aliyekaa naye wiki sita ameizoea shingo hiyo kuliko anavyozizoea alama za barabarani. Naye anageuka. Kukohoa, goti kusogea, mkono kuelekea breki ya mkono, kuvuta pumzi gari linapokaribia pundamilia: yote hayo ni lugha, na ni wawili tu wanaoielewa. Mtahini mgeni akikohoa, amekohoa tu.

Halafu kuna njia. Mkufunzi anajua mwanafunzi wake hana tatizo na mzunguko lakini anaganda akiambiwa apinde kulia kwenye makutano yenye njia ya mwendokasi. Ukimwachia achague njia ya mtihani, utashangaa jinsi siku hiyo kila kona ilivyokuwa ya kushoto.

Ndiyo maana tunasema tatizo la kwanza si rushwa. Tunajua rushwa ndiyo inayoongelewa vijiweni, na tutaifikia. Ila ukijenga utaratibu wa kuzuia rushwa peke yake, ukasahau mguu, shingo na njia, utapata watahini waaminifu wanaopitisha madereva wasiojua.

Dawa ya mguu Wajerumani wanayo. Kwao mkufunzi hukaa kiti cha mbele hata siku ya mtihani, na mtahini kutoka taasisi ya ukaguzi wa magari kama TÜV au DEKRA hukaa nyuma. Kanuni zao zinataka gari la mtihani liwe na kifaa kinachoonyesha, kwa sauti au kwa taa, kwamba pedali ya mkufunzi imeguswa. Kitu chenyewe hakihitaji kiwanda: swichi kama ile ya taa za breki kwenye kila pedali ya ziada, waya, fyuzi na kengele ndogo. Fundi umeme wa magari anakijua. Kinachosumbua ni kuikaza swichi. Ikikaa karibu mno na mkono wa pedali, kengele inalia gari likipita kwenye tuta, na baada ya siku mbili mtu ataichomoa fyuzi apate amani. Ikikaa mbali, pedali inashuka kwanza ndipo inalia, na ile robo ya klachi tuliyoitaja inapita kimyakimya. Kila asubuhi kabla ya mtahiniwa wa kwanza, bonyezeni kila pedali ya ziada kwa mkono, polepole, msikilize inalia wapi.

Dawa ya shingo ni mtahini mgeni; dawa ya mdomo ni kusema njia tu. Mtahini atamke barabara ya kufuata, basi, tena mapema. Gari likienda kilomita 40 kwa saa linakula kama mita 11 kila sekunde. Ukimwambia mtu "kwenye makutano yajayo pinda kulia" akiwa mita 100 kabla, umempa sekunde 9 za kuangalia vioo, kuwasha indiketa, kuhamia upande wa katikati na kupunguza gia. Ukimwambia mita 30 kabla, umempa chini ya sekunde 3, na kosa litakalotokea ni lako. Wakufunzi wengi wakianza kutahini hukosea hapa. Wamezoea kusema "haya, hapa, hapa, pinda", kwa sababu darasani wanaweza kushika usukani.

Na dawa ya njia ni kura. Kituo kiwe na njia nne au tano zilizopimwa kabla, kila moja ikiwa na mwinuko, mzunguko, makutano yenye taa, kupinda kulia kukatisha magari yanayokuja, kivuko cha waenda kwa miguu, na kipande cha barabara kuu. Bahasha ya njia na jina la mtahini vichaguliwe dakika kumi kabla ya gari kuondoka.

Wenzetu wengine wamelitatuaje? Kwenye maelekezo ya mwaka 2006, Umoja wa Ulaya ulikata mzizi: mtahini haruhusiwi kufanya kazi ya ukufunzi wa kulipwa katika chuo cha udereva kwa wakati uleule. Akitaka kutahini, aache kufundisha. Wa daraja B awe na umri wa angalau miaka 23, na awe ameshika leseni ya daraja hilo miaka mitatu. Ni safi, lakini haikusaidii foleni, kwa sababu kila unayempata unampunguza kwenye kufundisha.

Marekani wameshika njia ya katikati kwa leseni za malori na mabasi. Jimbo linaweza kuruhusu watahini wa nje ya serikali, wakiwemo wa vyuo, lakini kanuni ya serikali kuu inamkataza mkufunzi kumpima mtu aliyemfundisha yeye mwenyewe. Tunaipenda kanuni hiyo kwa jinsi ilivyozungushiwa ua. Jimbo likague kila mtahini wa nje angalau mara moja kila miaka miwili. Lifanye walau moja kati ya haya matatu: litume mtumishi wake akajifanye mtahiniwa; au mtahini wake aketi ndani ya gari ajaze karatasi yake sambamba na yule wa nje; au liwaite baadhi ya waliofaulu wapimwe upya. Ratiba ya mitihani ifike serikalini siku mbili za kazi kabla. Mtahini asiyefikisha watahiniwa 10 kwa mwaka arudi darasani au mkaguzi apande naye gari. Na kampuni iweke dhamana ya fedha, ili ikigundulika imegawa leseni kama karanga, gharama ya kuwapima watu wote upya itoke mfukoni mwake. Hapo kwenye dhamana pasiguswe. Bila dhamana, chuo kikifungiwa leo kinafunguliwa kesho mtaa wa pili kwa jina la shemeji.

Waingereza, walioanza mtihani wa lazima 1935, wana utaratibu wa namna nyingine: kampuni ya mabasi au ya malori inaweza kuwa na mtahini wake aliyefunzwa na kuidhinishwa na DVSA, wakala wa serikali wa mitihani ya udereva, akawapima waajiriwa wa kampuni ileile. Kwa nini hiyo isiwe ngedere na nyani? Kwa sababu basi ni la kampuni. Ikimpitisha dereva mbovu, gari litakalopinduka ni lake, na bima yake ndiyo itakayopanda. Chuo cha udereva kikimpitisha dereva mbovu, kinapata sifa ya kufaulisha. Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kumpa mtu yeyote karatasi ya alama: huyu akikosea, nani analipa? Ingawa hata kampuni ya mabasi yenye uhaba wa madereva siku za sikukuu, mwamba ngoma huvutia kwake.

Sasa rushwa. Kuna wanaodhani mtihani ukibaki kwa mtumishi wa serikali umekingwa. Jimbo la Illinois, Marekani, linajibu. Mwaka 1994, karibu na Milwaukee, kipande cha lori kilidondoka barabarani kikatoboa tangi la mafuta la gari la familia, na watoto sita wakafa. Uchunguzi ulifika hadi ofisi ya serikali iliyotoa leseni ya dereva wa lori: leseni zilikuwa zinauzwa, na sehemu ya fedha ikiingia kwenye mfuko wa kampeni ya mkuu wa ofisi hiyo. Watu zaidi ya 70 walitiwa hatiani, na mkuu huyo, George Ryan, aliyekuwa amekwisha kupanda hadi ugavana, naye akakutwa na hatia mwaka 2006. Wale watahini walikuwa watumishi wa serikali, si wa chuo cha udereva. Sare haikukinga kitu.

Turudi kwetu, kwenye vyuo, kwa sababu ninyi mnajua mchezo utakaofuata. Ukisema aliyekufundisha asikupime, chuo A kitampigia chuo B: nipitishie wangu, nikupitishie wako. Sharti limetimizwa, mtihani umekufa. Kwa hiyo kubadilishana kwa jozi kusiwepo. Vyuo viingie kwenye kapu la vyuo visivyopungua sita, na mtahini atoke kwa kura kila siku, si kila wiki. Mkufunzi wa chuo kimoja asimpime mwanafunzi wa mwenzake wa chuo hichohicho, hata kama hajawahi kumwona.

Na kuna ubaya wa upande wa pili ambao watu husahau. Mtahini wa chuo B anaweza kuwaangusha wanafunzi wa chuo A ili mtaani ionekane chuo A hakifundishi. Tena anayeanguka hulipia masomo ya ziada, na hayo ni mapato ya mtu. Malipo ya mtahini yatoke kwenye mfuko wa pamoja, kwa kila mtihani aliofanya, kiasi kilekile afaulu au aanguke mtu. Mtahiniwa alipe ada kwa kontrol namba kabla ya siku yenyewe, ili ndani ya gari pasiwe na sababu ya kugusa pochi.

Takwimu zisomwe na mtu anayezijua. Tuseme kituo kinafaulisha watu 60 kati ya 100, na mtahini mmoja kafaulisha 9 kati ya 10 wake wa mwezi huu. Msimrukie. Kwenye watahini 20 wenye haki kabisa, mmoja hivi atafika huko kwa bahati tu. Lakini akifaulisha 90 kati ya 100, hiyo si bahati tena, na mkaguzi apande gari kesho yake. Kinachosema zaidi ya wastani ni mchanganuo: mtahini ambaye miezi mitatu hajaandika hata kosa moja la kioo, au anayemaliza mtihani wa dakika 30 kwa dakika 14 kila Ijumaa jioni.

Karatasi ya alama ndiyo tutakayomalizia, kwa sababu ndiyo mtakayoishika. Mfumo wa Uingereza una daraja tatu za makosa: dogo, kubwa, na la hatari. Makosa madogo yanaruhusiwa mpaka 15, la 16 linakuangusha. Kubwa moja au la hatari moja, umeanguka. Uzuri wake ni kwamba tendo lilelile linaweza kuwa lolote kati ya hayo matatu, kulingana na kilichokuwa barabarani. Mtahiniwa anaondoka kando ya barabara bila kugeuza kichwa kutazama begani. Barabara ikiwa tupu, andika dogo. Bodaboda anayekuja akilazimika kufunga breki, andika kubwa. Wewe mtahini ukilazimika kukanyaga breki ya ziada ili bodaboda asigongwe, la hatari. Na akirudia lile dogo kila anapoondoka, hilo ni tabia, na tabia huandikwa kubwa.

Andika kosa ndani ya sekunde chache baada ya kutokea, gari likiwa linatembea. Mtahini anayesubiri mpaka warudi kituoni hukumbuka mawili ya mwisho na sura ya mtu. Usiandike "hajiamini". Andika: "makutano, kulia, hakutoa nafasi kwa gari lililonyooka". Akikata rufaa, sentensi ya pili ina jibu, ya kwanza ni maoni.

Pikipiki tumeziacha makusudi. Mtahini hawezi kukaa nyuma ya bodaboda akajaza fomu. Anahitaji kumfuata kwa pikipiki ya pili na redio ya masikioni, na hilo ni somo la siku nyingine. Tuanze na daraja B.

Mezani pale mlangoni kuna fomu tupu. Kila chuo kichukue mbili mbili. Wiki hii, mwanafunzi mmoja aendeshe nusu saa, mkufunzi wa chuo jirani akae mbele na mwingine nyuma, kila mmoja ajaze yake bila kuongea. Mkirudi msihesabu jumla kwanza. Wekeni karatasi sambamba mtazame ni kona gani mmoja aliona kosa na mwenzake hakuona, kisha mrudi kwenye kona hiyo kwa miguu. Mkaguzi wa wilaya amekubali kuzipokea fomu zilizojazwa Jumatatu, saa nne asubuhi.